Mwacheni Farasi Ainamishe Kichwa

Katikati ya Julai 2021, usiku, ndege ya mizigo aina ya Boeing 777 ilitua Haneda, Tokyo, ikitokea Liège, Ubelgiji, kwa kupitia Dubai. Abiria wake walikuwa farasi 36 wa mashindano ya Olimpiki, na kabla ya usiku ule Haneda haikuwahi kupokea ndege iliyojaa farasi watupu. Walikuwa safarini kwa zaidi ya saa 18. Walisimama katika mabanda 19 ya kusafiria, wengi wao wawili wawili, kila mmoja ametengewa lita 40 za maji, na hewa ya ndani ikiwekwa kati ya nyuzi 14 na 17. Shehena ya chakula chao peke yake ilikuwa kilo 12,000. Masaisi na madaktari wa mifugo walikuwa nao humo humo. Waliposhuka, malori yenye viyoyozi yaliwachukua moja kwa moja hadi kwenye mabanda yao Setagaya.

Najua kuna msomaji aliyekwisha kuguna. Kiyoyozi kwa farasi, na sisi tunabanana kwenye basi la usiku madirisha yamefungwa! Ana haki ya kuguna. Lakini gharama zile hazikutolewa kwa ajili ya anasa. Farasi ni mnyama mwenye nguvu za kutisha na mwili dhaifu ajabu, na safari ndefu inaweza kumuua akiwa amesimama tu, bila jeraha wala ajali.

Tuanze na pumzi. Farasi hahemi kwa mdomo. Hewa yote inapita puani. Akiwa malishoni hukaa ameinamisha kichwa sehemu kubwa ya siku, na kule kuinama ndiko kunakomsafisha. Vumbi, makohozi na vijidudu vilivyoingia kwenye bomba refu la hewa huteremka na kutoka. Sasa mpandishe kwenye lori, umfunge hatamu kwa kamba fupi juu ya kiwango cha mabega, umwekee wavu wa majani makavu mbele ya pua, na uendeshe gari tangu alfajiri hadi usiku. Vumbi la majani anavuta, makohozi hayashuki, na bakteria waliokuwa wakiishi kooni bila kumdhuru wanaanza kuteremka kuelekea mapafuni.

Miaka ya 1990 nchini Australia, mtafiti Sharanne Raidal na wenzake walifanya jaribio ambalo kila mwenye lori la farasi angepaswa kulijua. Waliwafunga farasi vichwa vikiwa juu, bila kuwasafirisha hata hatua moja. Ndani ya saa 6 hadi 12 tu, bakteria walikuwa wameongezeka kwenye njia ya hewa na dalili za uvimbe zimeanza kuonekana. Gari halikuwamo kabisa katika hesabu hiyo. Lawama zote ambazo watu walizoea kuzitupia barabara mbovu, baridi ya usiku na uchovu, sehemu yake kubwa ilikuwa ya kamba.

Ugonjwa unaotokana na hali hiyo huitwa na wenye farasi homa ya safari. Kitabibu ni nimonia inayovuka mapafu na kuingia kwenye utando unaoyazunguka, maji yenye usaha yakajaa kifuani. Ubaya wake ni kwamba haujitangazi mapema. Farasi hushuka akionekana mchovu tu, na nani asiyechoka baada ya safari? Anakula kidogo, anasimama kimya. Siku ya pili au ya tatu joto limepanda, anapumua kwa kukatakata, hataki kuguswa mbavuni. Hapo daktari anaweza kulazimika kutoboa kifua na kuchuruza usaha lita kwa lita. Anayepona huenda asirudi tena uwanjani kukimbia.

Mtu atauliza, basi kwa nini wanafungwa? Sababu zipo na si za kipuuzi. Farasi aliye huru anaweza kumng'ata jirani yake, kujigeuza akakwama, au kupitisha mguu juu ya kamba akavunjika. Suluhisho ni kamba yenye urefu wa kutosha, kizuizi kati ya farasi na farasi, na juu ya yote, kusimama njiani mara kwa mara ili kila mmoja afunguliwe na kuteremsha kichwa. Kinachogomba hapo ni muda, na muda wa dereva una bei yake.

Kisha kuna kazi ya kusimama kwenyewe. Wengi hudhani farasi ndani ya gari amepumzika kwa sababu hatembei. Yeye ni kama abiria aliyekosa kiti kwenye basi, ila hana mkono wa kushika bomba. Kila kona, kila tuta, kila breki inajibiwa na misuli ya miguu minne, saa baada ya saa. Kwa kawaida miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake. Wafugaji wa farasi wa polo na wa mbio walioko Gilgil wanaijua vizuri barabara ya Nairobi. Lori likiteremka ukingo wa Bonde la Ufa kule Mai Mahiu na dereva akikanyaga breki ghafla, uzito wote unamwagika mbele, kichwa na kifua ndivyo vinavyopokea. Ndiyo maana Sharon Cregier wa Canada alitumia miaka mingi akitetea trela ambazo farasi husimama akitazama nyuma, ili makalio yenye nyama ndiyo yapokee mshindo. Wapo wanaopendelea kuwasimamisha mshazari, na mabishano hayajaisha. Binafsi nawaamini farasi wenyewe: baadhi yao wakiachwa huru ndani ya trela inayotembea hugeuka na kuipa mgongo njia.

Tumbo nalo lina habari zake. Tumbo la farasi hutoa asidi mfululizo, awe na chakula au hana, maana limeumbwa kwa mnyama anayetafuna kutwa kucha. Saa kadhaa bila majani na vidonda vinaanza kuchimbika. Hatapiki, kwa hiyo kilichoingia hakina njia ya kurudi. Asipokunywa maji, kinyesi kinakauka na kuziba utumbo, na msokoto wa tumbo unaofuata ni miongoni mwa vifo vya maumivu makali mno kwa farasi. Halafu ana kiburi cha maji. Ndoo ya maji yenye harufu ngeni, hata yawe masafi, anaweza kuinusa na kugeuza shingo huku midomo imekauka. Saisi mzoefu hubeba maji ya nyumbani kwenye madumu, au siku kadhaa kabla ya safari huanza kutia molasi kidogo kwenye ndoo ili maji ya njiani yakitiwa molasi ile ile yaonje kama ya zizini. Majani huyalowesha kwanza ili yasitoe vumbi.

Ukitaka kujua kama mtu anafahamu kazi hii, mtazame wakati wa kupakia. Jicho la farasi huchelewa kuzoea giza baada ya mwanga, kwa hiyo mlango wa lori kwake ni shimo jeusi. Akikanyaga mbao za kupandia, zinatoa mlio wa utupu chini ya kwato. Asiyejua kazi huleta fimbo, watu watatu na kelele. Anayejua hufungua mlango wa mbele ili mwanga upenye, hutandika mpira sakafuni ili mlio ufe, husimama ubavuni mwa farasi bila kumkodolea macho, na kungoja. Mguu mmoja ukipanda, anautuliza hapo. Ukirudi nyuma, hana ugomvi nao. Dakika 20 zinazotumika hivyo zinaokoa saa nyingi za baadaye, kwa sababu farasi aliyepanda kwa hofu huendelea kutoka jasho hata lori lilipokwisha shika barabara kuu. Kumchoma dawa ya kumlegeza si njia ya mkato kama wengi wanavyodhani: aliyelegezwa hushindwa kujishikilia kwenye kona, na akianguka ndani ya lori kumwinua ni kazi nyingine kabisa.

Haya yote si maarifa ya jana. Mwaka 1836 Lord George Bentinck alikuwa na farasi aitwaye Elis kule Goodwood, kusini mwa Uingereza, aliyeandikishwa kukimbia mbio za St Leger mjini Doncaster, umbali wa maili 250 hivi. Zama hizo farasi wa mbio alitembea kwa miguu yake hadi uwanjani, safari ya wiki mbili. Wachukua dau walipopata habari kwamba Elis bado yuko zizini kwao siku chache kabla ya mbio, wakamtoa maanani na kupandisha malipo. Bentinck alikuwa ameunda gari maalumu lililotandikwa ndani kwa mito, likavutwa na farasi sita waliokuwa wakibadilishwa njiani. Elis alifika kwa siku tatu, ana nguvu zake zote, akashinda. Gari la kubebea farasi wa mbio likawa limepata umaarufu kutokana na kamari, na tangu siku hiyo uhusiano kati ya fedha na starehe ya farasi haujavunjika.

Baharini mambo yalikuwa ya kale zaidi. Marco Polo alipopita Hormuz karne ya 13 aliona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi badala ya misumari, ndugu wa mitepe ya pwani yetu. Shehena ilifunikwa kwa ngozi, na juu ya ngozi wakasimamishwa farasi wa kwenda kuuzwa Bara Hindi. Alivilaumu vyombo hivyo na kusema vingi vilizama. Ibn Battuta naye, baada ya kutembelea Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipanda chombo mpaka Dhofar, akaandika kwamba farasi bora walisafirishwa kutoka huko hadi India kwa mwezi mzima upepo ukiwa mzuri. Mwezi mzima juani, juu ya shehena, kwa maji ya kupimiwa.

Jeshi ndilo lililofanya uzembe huo kwa kiwango cha viwanda. Katika Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, Waingereza walisafirisha farasi kwa meli kutoka pande nyingi za dunia hadi bandari za Afrika Kusini. Wanyama waliokaa wiki kadhaa wamesimama kwenye sitaha za chini walishushwa, wakapakiwa kwenye mabehewa, wakapelekwa vitani bila kupumzishwa wala kuzoea majani na hewa ya huko. Waliokufa walipita 300,000, na wengi wao hawakuguswa na risasi. Port Elizabeth, moja ya bandari hizo, ilisimamishiwa mnara mwaka 1905: askari amepiga goti mbele ya farasi, amemshikia ndoo ya maji. Waliouchonga walijua ni nini hasa kilichokosekana.

Mwaka 1916 somo hilo lilirudiwa kwetu. Wapandafarasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer walipoteremka kutoka upande wa Arusha hadi Kondoa Irangi kuwakabili Wajerumani, masika yaliwakuta njiani, na farasi walianguka kwa mamia kwa njaa, mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Afrika.

Ugonjwa huo wa mwisho unastahili kuelezwa kidogo, kwa sababu ndio unaoamua mpaka leo farasi wa Afrika aende wapi. Huenezwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma jioni na alfajiri. Pundamilia huubeba bila kuumwa. Farasi hufa kwa wingi. Mwaka 1987 pundamilia waliotoka Namibia walipelekwa kwenye hifadhi ya wanyama karibu na Madrid, na Hispania ikapambana na maradhi hayo mpaka 1990, yakiwa yamegusa Ureno na Morocco. Mwaka 2020 yaliibuka Thailand na kuua farasi zaidi ya 500. Kwa hiyo farasi wa Kenya anayetaka kwenda Ulaya hupimwa na kutengwa kwa masharti magumu mno, na hapa siwalaumu Wazungu.

Australia imekuwa kali hata kuliko wao. Farasi 136,000 walipelekwa kutoka huko kwenda Vita vya Kwanza vya Dunia; aliyerudi nyumbani ni mmoja tu, Sandy, aliyekuwa wa Jenerali Bridges. Mwaka 1956 Olimpiki ilipofanyika Melbourne, mashindano ya farasi yalihamishiwa Stockholm kwa sababu sheria za Australia zilidai karantini ya miezi sita. Ukali huo ulilegea kwa muda, na mwaka 2007 mafua ya farasi yakaingia kupitia kituo cha karantini cha Eastern Creek, Sydney, pamoja na farasi wa mbegu waliotoka ng'ambo. Zaidi ya farasi 70,000 waliambukizwa katika majimbo ya New South Wales na Queensland, mbio zikasimama. Tume ya Jaji Ian Callinan ilikuta kwamba watu waliokuwa wakiwahudumia farasi wale walitoka kituoni bila kuoga wala kubadilisha nguo kama ilivyopasa. Ndege ya mamilioni ilifanya kazi yake vizuri. Kilichoshindikana ni sabuni na maji.

Mpaka hapa nimezungumzia farasi wenye bei. Aliyezeeka, aliyevunjika, au wa nyama, husafiri kwa kanuni nyingine. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2005, unaruhusu farasi wa kuchinjwa wasafirishwe hadi saa 24 kabla ya kupumzishwa, mradi wanyweshwe kila saa 8. Marekani huruhusu saa 28 bila chakula wala maji. Machinjio ya mwisho ya farasi nchini humo yalifungwa mwaka 2007, lakini farasi hawakuokoka: walianza kupakiwa kwenda Mexico na Canada, safari ikawa ndefu zaidi kuliko machinjio yalipokuwa jimbo la jirani. Wenye huruma waliopigania kufungwa kwake hawakulihesabu hilo. Na kutoka Canada, farasi wakubwa wa mizigo hupandishwa ndege wakiwa hai kwenda Japani, ambako nyama yao huliwa mbichi. Wanaruka juu ya bahari ile ile waliyoikaribia wale 36 wa Tokyo.

Mwaka 1911 Mwingereza Ada Cole alisimama bandarini Antwerp akaona farasi wa kazi kutoka kwao, wachovu na vilema, wakishushwa melini na kuswagwa kwenda kuchinjwa. Hakulinyamazia. Mwaka 1927 alianzisha shirika ambalo leo linaitwa World Horse Welfare, na sheria ya kwanza yenye meno ikapatikana mwaka 1937, miaka 26 baada ya siku ile. Marufuku kamili ya kusafirisha farasi hai kutoka Uingereza kwenda kuchinjwa ilipitishwa mwaka 2024. Hesabu mwenyewe.

Kwetu anayepanda lori la namna hiyo ni punda. Kati ya 2016 na 2019 Kenya ilifungua machinjio manne ya punda, huko Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana, kwa ajili ya ngozi zinazochemshwa China kutengeneza dawa ya asili iitwayo ejiao. Punda wa karibu walipopungua, walianza kuletwa kutoka mbali, wengine wakivushwa mpakani usiku kutoka Tanzania na Ethiopia, wengi wao wa wizi. Serikali ilisimamisha biashara hiyo Februari 2020, mahakama ikatengua amri hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Punda huteseka kimya kuliko farasi. Hakurupuki, hatoi jasho la hofu linaloonekana kwa mbali. Anasimama tu masikio yameshuka, na dereva anaapa mnyama hana neno. Lakini punda asipokula kwa siku mbili tatu, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kuyamwaga kwenye damu mpaka ini linashindwa kazi. Wengine hugoma kula kwa sababu tu wametenganishwa na mwenzao waliyezoea kufungwa naye. Lori lililosimama juani kwenye foleni ya mizani linaongeza joto, kwa sababu upepo wa mwendo ndio uliokuwa ukiwapoza. Marufuku ya ngozi haigusi safari za punda wa kazi kwenda minadani, na hao ndio wengi.

Desemba 2023 Tume ya Ulaya ilipendekeza safari ya mnyama anayekwenda kuchinjwa isizidi saa 9. Wasafirishaji walipinga papo hapo, wakitaja gharama, na mabishano yakaendelea.

Kwa wanaopeleka farasi Ngong siku za mbio, au polo, au kununua tu na kuhamisha, mengi ya hapa juu hayahitaji ndege wala kiyoyozi. Kamba ndefu. Kituo kila baada ya saa chache, injini imezimwa, gari liko kivulini, farasi amefunguliwa na majani yamewekwa chini, si kwenye wavu, ili ayafuate kwa kichwa. Akifika, aachwe ainame kadiri atakavyo kabla ya mtu yeyote kufikiria kumtandika tandiko. Na kipimajoto, kile kile cha duka la dawa, kitumike asubuhi na jioni kwa siku tatu, namba ziandikwe ukutani kwa chaki. Farasi mkubwa mwenye afya hukaa kati ya 37.5 na 38.5. Ikipita hapo, daktari aitwe usiku huo huo.